Fahari na Faida Katika Uundaji wa Simu

Kuna swali moja linaloulizwa mara kwa mara na watu wapendao maendeleo ya nchi yao, nalo si swali la kupuuzwa. Je, shirika linalounda simu za mkononi lina wajibu wa kujitungia mfumo endeshi wake lenyewe, au yatosha kutumia mfumo uliotungwa na wengine? Likiulizwa London au Seoul, swali hili huwa la biashara tu. Likiulizwa Thika au Ruiru huwa pia swali la heshima, kwa maana nchi iliyonunua vitu vya wageni kwa muda mrefu hutamani siku moja kuuza kilicho chake. Tamaa hiyo ni njema. Lakini tamaa njema nayo hupimwa, na katika insha hii nakusudia kuipima kwa mizani ya sababu.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya maana. Simu ina sehemu zinazoshikika: kioo, betri, kamera, na vipande vidogo vya silikoni vinavyofanya hesabu. Sehemu hizo peke yake ni kama ngoma zisizo na wapigaji. Mfumo endeshi ndio unaoziamuru. Huamsha kioo kidole kinapokigusa. Hugawa kumbukumbu kati ya programu moja na nyingine. Hulinda siri za mwenye simu. Na huzipa programu zote mlango mmoja wa kuingilia. Mtunzi wa programu haandiki kwa ajili ya kioo wala betri. Huandika kwa ajili ya mfumo. Kwa hiyo mfumo usio na watunzi ni kama soko lenye vibanda vizuri lisilo na wachuuzi.

Wakazi wa Thika wana mfano ulio karibu nao. Tangu miaka ya 1970 kiwanda kilichoitwa kwanza Leyland Kenya, na baadaye Kenya Vehicle Manufacturers, kimekuwa kikiunganisha magari mjini humo. Magari hayo yalichorwa ng'ambo, vipande vyake vikaletwa katika makasha, na mikono ya Thika ikaviunga. Mwishoni mwa mwaka 2016 gari la Volkswagen liitwalo Polo Vivo lilianza kuunganishwa humo, na mwaka 2024 kampuni ya BasiGo ikaanza kuunganisha humo mabasi yake ya umeme. Abiria anayepanda basi kwenda Ruiru haulizi chasisi ilitoka nchi gani. Huuliza kama basi litafika salama, na kwa nauli gani.

Simu nyingi tuzionazo zimeundwa kwa namna hiyo hiyo. Wenye Tecno na Infinix huambiwa kwamba simu zao zina mifumo iitwayo HiOS na XOS. Ukiichunguza utaona kwamba hiyo ni bodi iliyojengwa juu ya chasisi ya Android, ambayo msimamizi wake ni Google. Na Android nayo imesimama juu ya kiini kiitwacho Linux, kilichoanzwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi nchini Finland. Hata Apple, inayosifiwa kwa kumiliki kila kitu chake, haikuanza juu ya ardhi tupu. Mfumo wa iPhone ya mwaka 2007 ulitokana na ule wa kompyuta zake, na huo ulichota mengi katika kazi iliyofanywa miaka mingi kabla yake katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Basi neno "wetu wenyewe", tunapolitumia juu ya mifumo, lataka uangalifu. Hakuna aliyefuma nguo hii tangu uzi wa kwanza mpaka upindo wa mwisho.

Tuwasikilize sasa wale wasemao kwamba kila muundaji ajitungie wake, nasi tuwasikilize kwa haki. Hoja yao ya kwanza imo katika methali: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wanaonyesha mambo yaliyompata Huawei. Mwezi Mei mwaka 2019 serikali ya Marekani iliitia kampuni hiyo ya China katika orodha ya makampuni yasiyoruhusiwa kununua bidhaa za Kimarekani bila idhini. Simu zake mpya zikakosa huduma za Google: duka la programu, ramani, na barua. Kampuni iliyokuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa simu duniani ikajikuta nje ya mlango ambao funguo zake zilikuwa mfukoni mwa mtu mwingine. Wanaonyesha pia uamuzi wa Tume ya Ulaya wa mwezi Julai mwaka 2018, uliomtoza Google faini ya zaidi ya euro bilioni 4. Tume ilisema kwamba waundaji wa simu, ili wapate duka la programu la Google, walilazimishwa kuweka ndani ya simu zao chombo cha Google cha kutafutia habari na kile cha kufungulia kurasa za intaneti. Kumbe kilichoonekana kuwa zawadi kilikuwa na masharti yake.

Hoja hizi ni nzito. Atakayesema kwamba kutegemea hakuna hatari atakuwa amefumba macho. Walakini hoja inayothibitisha kwamba kuna hatari haithibitishi kwamba dawa iliyotajwa itaiponya. Mtu aogopaye kunyeshewa ana haki ya kutafuta paa, lakini haimlazimu kufyatua matofali yake mwenyewe mvua ikiwa imekwisha kuanza.

Na katika njia hii makaburi ni mengi. Nokia ya Finland, iliyotawala mikono ya watu wa Afrika Mashariki kwa muda mrefu, ilikuwa na mfumo wa Symbian. Ulipozidiwa na iPhone na Android, mwaka 2011 Nokia iliuacha na kushikamana na Microsoft. Mwaka 2014 Microsoft ikakinunua kitengo cha simu cha Nokia. Mwaka uliofuata ikakiri katika hesabu zake hasara ya dola bilioni 7.6 na kutangaza kupunguza wafanyakazi wapatao 7,800. Hewlett-Packard ilinunua Palm mwaka 2010, na mfumo wake wa webOS ndani yake, kwa dola bilioni 1.2, mwezi Agosti mwaka 2011 ikaacha kuunda simu hizo. BlackBerry ilitoa mfumo mpya mwaka 2013, na kabla mwaka 2015 haujaisha ikawa inauza simu yenye Android. Samsung, yenye mali na wahandisi wasiohesabika, iliuza nchini India mwaka 2015 simu yenye mfumo wa Tizen. Simu za namna hiyo hazikuendelea. Mozilla ilianza mwaka 2013 kueneza Firefox OS kwa ajili ya watu wasio na fedha nyingi, na mwisho wa mwaka 2015 ikatangaza kuiacha.

Msomaji atauliza: je, wahandisi wa makampuni haya hawakujua kazi? Walijua sana. Baadhi ya mifumo hiyo ilisifiwa na wenye ujuzi kuliko ile iliyoishinda. Sababu ya kushindwa haikuwa katika ustadi, ilikuwa katika duara. Mtunzi wa programu hataki kuuandikia mfumo usio na watu. Watu nao hawataki kununua simu isiyo na programu. Kila mmoja humngoja mwenzake, na muundaji, aliye katikati, huwalipa wote wawili mpaka mfuko wake utoboke. Tumfikirie mama auzaye nguo sokoni Ruiru. Aletewe simu yenye mfumo mpya, mzuri wa kutazamwa, uliotungwa kwa fahari kubwa. Akakuta kwamba wateja wake wanamwandikia kwa programu isiyokuwamo, na benki yake haijaandika programu kwa ajili yake. Je, atainunua kwa sababu ya bendera iliyochorwa mgongoni mwake? Hatainunua, wala hatakuwa na kosa la kutoipenda nchi yake. Fedha yake ni ya jasho, na jasho halilipi sifa za mwingine.

Lakini Huawei imesimama, atajibu mpinzani wetu. Ni kweli, nasi tusome jambo hilo lote, tusisome nusu. Mfumo wa HarmonyOS ulitangazwa mwezi Agosti mwaka 2019, lakini simu za Huawei ziliendelea kwa miaka kadhaa kutumia sehemu za Android zilizo wazi kwa watu wote. Ni mwaka 2024 ndipo ulipotolewa mfumo usiotegemea tena sehemu hizo. Huawei ilikuwa na maelfu ya wahandisi, na fedha za biashara nyingine zilizo nje ya simu. Tena ilikuwa na soko la nyumbani la mamia ya milioni ya watu, ambao tangu zamani hawakuzoea huduma za Google, kwa kuwa nchini mwao hazikupatikana. Juu ya hayo, haikuchagua njia hiyo kwa fahari, ilisukumwa. Mfano wa mtu aliyeogelea kwa kuwa mashua ilizama hautufundishi kwamba mashua ni kitu kibaya.

Turudi nyumbani. Kati ya Ruiru na Thika uko mji wa Juja, na katika Juja kiko Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Chuo hicho kiliunganisha kompyuta zilizopewa jina la Taifa, na mwaka 2016, kwa ushirika na Positivo BGH, kilikuwa miongoni mwa waliopewa kazi ya kutoa vifaa vya kujifunzia kwa wanafunzi wa shule za msingi za Kenya. Mwezi Oktoba mwaka 2019 kiwanda cha Mara Phones kilifunguliwa Kigali, na kingine cha kampuni hiyo Durban. Simu zake zilikuwa za Android. Mwaka 2022 mitambo ya Durban ilipigwa mnada. Mwezi Oktoba mwaka 2023 kiwanda kilizinduliwa Athi River kwa ushirika wa Safaricom, Jamii Telecommunications na kampuni moja ya China, kikatoa simu za Neon, nazo pia za Android. Mifano hii yatuonyesha kwamba hata kuiunda simu yenyewe, kwa mfumo uliokwisha kuwa tayari, ni mlima. Anayewaambia watu waliochoka nusu ya mlima kwamba wabebe na jiwe la pili awaonyeshe kwanza faida ya jiwe hilo.

Kuna tukio jingine la kujifunzia. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi aliwataka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari la Kenya, hata likiwa si zuri wala la kasi. Mwaka 1990 gari hilo, Nyayo Pioneer, lilionyeshwa kwa watu. Yalitengenezwa matano. Hayakuingia sokoni. Wahandisi wale hawastahili kudharauliwa. Walifanya walichoagizwa, na waliofanya kazi ile walipata ujuzi. Kasoro ilikuwa katika swali walilopewa. Waliulizwa: je, twaweza kutengeneza gari? Hawakuulizwa: nani atalinunua, vipuri vyake vitatoka wapi, na ni shida gani ya msafiri wa Kenya ambayo gari hili litaiondoa na magari mengine hayaiondoi? Jibu la swali la kwanza lilikuwa "ndiyo". Ukimya wa maswali mengine ndio uliolizika gari.

Kinyume chake, Ruiru ina jambo lake la kujivunia, nalo ni la shambani. Tangu mwaka 1922 kahawa ya Kenya ilijulikana kuwa na ugonjwa unaoozesha buni changa mtini. Mkulima aliupiga kwa dawa ya kunyunyiza, msimu baada ya msimu, na dawa ilimla fedha. Katika miaka ya 1970 watafiti wa kituo cha kahawa cha Ruiru walianza kuzalisha mbegu yenye kuushinda ugonjwa huo, na mwaka 1985 wakaitoa kwa wakulima. Wakaiita Ruiru 11. Angalia walivyofanya. Hawakukataa mbegu za kigeni. Walichukua Catimor iliyotoka Colombia wakaichanganya na mibuni bora iliyokuwa imechaguliwa Kenya, kama SL28. Hawakuanza kwa jina. Walianza kwa ugonjwa. Wala hawakupumzika baada ya kusifiwa. Wako wanunuzi waliosema kwamba ladha yake haifikii ile ya SL28, na mbegu yake ilikuwa adimu kwa kuwa maua yake yalihitaji kuchavushwa kwa mkono. Kituo kiliendelea na kazi, na mwaka 2010 kikatoa aina nyingine iitwayo Batian.

Nikiweka gari lile na mbuni huu pamoja, napata maswali matatu yanayofaa kuulizwa kwa kila mtu atakaye kujitungia mfumo. La kwanza: mfumo wako utaponya ugonjwa gani ambao mifumo iliyopo haiuponyi? La pili: nani, asiyekuwa wewe, atafaidika kwa kuuandikia programu? La tatu: nani atautengeneza baada ya miaka kumi, wakati shangwe za uzinduzi zimekwisha na wezi wa mitandaoni wamekwisha kujua nyufa zake? Swali hili la tatu husahauliwa mno. Mfumo haumalizwi kama nyumba. Hupaliliwa kama shamba. Ukiachwa, magugu yake huwadhuru wanaoutumia, nao aghalabu ndio watu wasio na fedha za kununua simu nyingine.

Mwenye majibu ya maswali yote matatu na atunge, tena tumtakie heri. Asiye nayo na ajue kwamba kuna kazi nyingine yenye heshima. Mfano ulio mkubwa kuliko yote tunao mikononi. Mwezi Machi mwaka 2007 Safaricom ilianzisha M-Pesa. Wakati huo watu wa Kenya walikuwa na simu za kila namna, nyingi zikiwa za bei rahisi. Walioitunga M-Pesa hawakusema kwamba kila mtu anunue simu mpya yenye mfumo mpya. Waliiweka huduma yenyewe katika kadi ndogo ya laini, ambayo kila simu huwa nayo. Simu ya mtumwa na ya bwana zikawa sawa mbele ya huduma hiyo. Hawakuumiliki mfumo wa simu hata moja, na bado waliibadili namna ambayo nchi nzima hulipa na kulipwa. Walitafuta mahali penye shida, wakapima ni wapi mkono wao utafika, wakapashika hapo.

Nisije nikaeleweka vibaya, kwa maana liko kosa la upande wa pili, nalo ni baya vilevile. Wapo wasemao: mifumo ipo, wageni wametunga, sisi tununue tu. Hawa nao nawapinga. Mtu anayetumia kazi ya wengine bila kuijua ndani yake hana tofauti na dereva asiyefungua boneti. Siku gari likizima njiani, kila mpita njia atakuwa fundi wake, na kila fundi atataja bei yake. Kwa kuwa kiini cha Android ki wazi, kila mwanafunzi wa Juja, Thika au Ruiru aweza kukisoma, kukirekebisha, na kurudisha marekebisho yake yakatumiwa na dunia. Watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitangulia katika njia hiyo mwaka 2004, walipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyo wazi kwa wote, ikisema Kiswahili. Hawakujenga jengo jipya. Waliingia katika jengo la wote wakaweka humo chumba cha lugha yetu. Mwenye chumba katika nyumba hana budi kuulizwa rai yake juu ya paa.

Hukumu yangu basi ni hii. Muundaji wa simu asijitungie mfumo kwa ajili ya kutajwa jina, kwa kuwa jina hulipiwa na watu ambao hawakuulizwa: mnunuzi aliyeachwa na simu isiyo na programu, na mfanyakazi aliyeachishwa kazi hesabu zilipokataa. Lakini pia asikae kama mpangaji asiyejua hata bomba la maji lilipo. Na awe na watu wanaouelewa mfumo anaoutumia mpaka kiini chake; ahakikishe kwamba simu aliyoiuza inapata marekebisho ya usalama kwa miaka, si kwa miezi; na nguvu yake ya ubunifu aitie pale ambapo watu wake wana shida isiyoshughulikiwa na mtu mwingine. Akifanya hayo kwa uaminifu, yamkini siku moja atakuta kwamba ana haja ya kweli ya mfumo wake mwenyewe, na siku hiyo atakuwa na wahandisi wa kuutunga na wateja wa kuungoja.

Nanyi mnaosoma kitabu hiki, baadhi yenu mtakuwa wahandisi, na wengine mtakaa katika viti vya kuamua fedha za watu zitumikeje. Mtaletewa michoro ya kupendeza na hotuba zenye neno "letu" katika kila mstari. Msiicheke michoro hiyo, wala msiipigie makofi kabla ya wakati. Ulizeni ugonjwa ni upi, mkulima ni nani, na nani atapalilia. Asiyeweza kujibu hayo ana fahari mkononi, bado hajapata faida. Na fahari peke yake haijapata kumlipa mtu mshahara wa mwisho wa mwezi.